Shajara ya mafunzo ya akupancha: mkono unaopapasa na mkono unaochoma

Wiki ya 1
Saa: 24. Sindano: 0.

Nafungua shajara hii ili baadaye nisijidanganye. Nataka kuwa mtaalamu wa akupancha, tiba ya Kichina ya kuchoma sindano mwilini, anayeishi kwa kazi hiyo, siyo mtu aliyehudhuria semina ya siku mbili akatundika cheti ukutani. Kipimo nilichojiwekea ni mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1999, unaomtaka mwanafunzi asiye daktari apitie saa 2,500 za mafunzo, na zisizopungua 1,000 kati ya hizo ziwe za vitendo na kliniki. Masharti ya leseni hutofautiana nchi kwa nchi, na kwingine hayapo kabisa, ndiyo maana nimeona nishike hesabu hiyo nisije nikajipunja. Kila nitakapoandika nitaanza na saa nilizofikisha na sindano nilizochoma kwenye mwili wa binadamu. Makosa nitayaandika yalivyo.

Niliingia darasani nikiwa na hamu ya sindano. Sikushika hata moja. Wiki nzima tumepapasana tu: muundi, kiwiko, mtulinga, kombe la bega. Mwalimu anapita nyuma yetu akisema, "Fumba macho. Tafuta mfupa kwanza."

Kipimo chetu kinaitwa cun, nacho hakina rula. Cun moja ni upana wa kidole gumba kwenye kiungo chake, na vidole vinne vikibanwa pamoja ni cun 3. Mimi nilikuwa nikipima mguu wa mwenzangu kwa vidole vyangu hadi nilipoulizwa, "Mguu ni wako?" Vidole vinavyohesabika ni vya mgonjwa. Na hata hivyo ni kipimo cha haraka. Cha kutegemewa zaidi ni kugawa kiungo chenyewe. Kutoka mkunjo wa kiwiko hadi mkunjo wa kifundo cha mkono ni cun 12, awe mtoto wa miaka sita au jitu la mita mbili. Mwili unajipima kwa mwili. Nimelipenda wazo hilo kuliko yote niliyosikia wiki hii.

Jaribio la Ijumaa: wanafunzi sita tutafute pointi moja, yaani mahali pa kuchoma, kwenye mguu wa mtu mmoja: ST36 (herufi ni za mkondo wa tumbo, 36 ni namba yake). Pinda goti; chini ya kofia ya goti, upande wa nje, kuna kishimo laini; shuka cun 3 kutoka hapo, kisha sogea nje upana wa kidole kimoja kutoka kwenye ukingo wa muundi. Maelezo hayana utata wowote. Tulipomaliza mguu ulikuwa na alama sita za kalamu, na kati ya ya juu na ya chini ungelaza kiberiti.

Wiki ya 5
Saa: 118. Sindano: 0.

Kukariri. Pointi za mikondo, zile njia zinazosemwa kupita mwilini, ni 361: mikondo 12 yenye majina ya viungo, pande zote mbili za mwili, na miwili ya katikati, mmoja mbele na mmoja mgongoni. Mapafu 11, utumbo mpana 20, tumbo 45, bandama 21, moyo 9, utumbo mdogo 19, kibofu 67, figo 27, utando wa moyo 9, majiko matatu 23, nyongo 44, ini 14. Jumla 309. Katikati mbele 24, mgongoni 28. Nimezijumlisha mwenyewe mara mbili na zinatimia.

Hayo "majiko matatu" yamenisumbua. Si kiungo unachoweza kukitoa tumboni ukakiweka mezani. Ni jina la kazi tatu zinazoendelea kifuani, tumboni na chini ya kitovu. Bandama nayo, kama walivyoielewa Wachina wa kale, inashughulika na kusaga chakula, jambo ambalo daktari wa upasuaji hatakubali. Nilimuuliza mwalimu ni ipi ya kweli. Akaniambia nisome zote mbili kwa madaftari mawili, na siku ya kuzungumza na daktari nisilete daftari lisilohusika. Jibu hilo halijanitosha, lakini madaftari mawili ninayo.

Kilichonisaidia kukariri ni majina. ST36 ni Zusanli, "li tatu za mguu", li ikiwa ni kipimo cha masafa. Masimulizi husema msafiri aliyechoka akitibiwa hapo atatembea li tatu zaidi. Pointi ya kwanza ya figo iko kwenye unyayo na inaitwa chemchemi inayobubujika. Ile ya mkononi, katikati ya kidole gumba na cha shahada, ni Hegu, bonde la makutano, na ukiitazama ngozi inavyobonyea pale unaona kabisa aliyeipa jina alikuwa na macho. Herufi na namba ni za kitabuni, jina ni la mwilini.

Ajabu ni kwamba hata mahali pa pointi hizi hapakuwa na mapatano. Wataalamu wa China, Japani na Korea walikaa miaka wakibishana, na kiwango cha pamoja cha Shirika la Afya Duniani kilitoka mwaka 2008. Nilianza kuzionea huruma zile alama zetu sita mguuni.

Wiki ya 7
Saa: 166. Sindano: 0.

Mtihani wa kwanza wa pointi: nimepata 31 kati ya 40. Nilizokosa karibu zote ni za mgongoni.

Mwaka 1027, enzi ya Song, mganga Wang Weiyi alisimamia kutengenezwa kwa sanamu mbili za shaba zenye ukubwa wa mtu, zikiwa na matundu mahali pa pointi. Inaelezwa kuwa wakati wa mtihani sanamu ilipakwa nta kwa nje ili matundu yasionekane, na ndani ikajazwa kimiminika. Mwanafunzi akichoma penyewe, kinachuruzika. Akikosea, sindano inagonga shaba. Hakuna cha "karibu" wala "nusu alama". Mtihani wetu ulikuwa wa kalamu na kipima pembe, na bado nilitoka jasho.

Mwezi wa 2, mwishoni
Saa: 205. Sindano: 3 (zote zangu, mguuni kwangu).

Sindano hatimaye. Ya kwanza kuishika ilikuwa ya milimita 0.25 kwa 40. Kwa upana wa nywele chache tu, inapinda ukiipulizia mawazo mabaya. Haina tundu ndani, haipeleki dawa wala haitoi damu. Mwenye kuogopa sindano ya hospitali anaogopa kitu kingine kabisa, ingawa sitamwambia hivyo. Woga haujibiwi kwa kipenyo.

Kabla ya mwili tulichoma karatasi laini iliyokunjwa tabaka nyingi na kufungwa kwa uzi, kisha pamba iliyoviringishwa, kisha kipande cha sabuni. Karatasi inafundisha nguvu ya vidole, pamba inafundisha kuzungusha bila kukamata nyuzi. Sabuni inafundisha unyenyekevu. Sindano yangu ya kumi iliingia kwenye sabuni ikiwa na umbo la mwezi mchanga.

Hapa nimegundua tatizo langu kubwa, nalo ni mkono wa kushoto. Wa kulia unachoma, sawa, lakini wa kushoto ndio unaotafuta mahali, unaobonyeza, unaovuta ngozi, unaomtuliza mtu kabla hajajua kinachokuja. Wangu ni mzito. Unabonyeza kama unafunga mlango. Mwalimu aliuinua kwa vidole viwili kutoka kwenye mguu wa mwenzangu akasema, "Huu unasema. Mimi nataka unaosikiliza."

Basi nimepewa zoezi: nywele moja chini ya karatasi, nipapase kwa kidole cha shahada cha kushoto hadi niipate, kisha karatasi mbili, kisha tatu. Kila usiku dakika kumi. Niko kwenye karatasi mbili.

Zoezi hilo lilinipeleka kwa Sugiyama Waichi, Mjapani aliyeishi kati ya 1610 na 1694. Alipoteza uwezo wa kuona utotoni, akaenda kujifunza akupancha, na inasimuliwa kuwa mwalimu wake alimfukuza kwa uzito wa mikono na wa kukumbuka. Alikwenda kufunga na kuomba kisiwani Enoshima. Alipokuwa akitoka alijikwaa, akaanguka, akashtukia amechomwa na kitu: sindano ya msonobari iliyokuwa ndani ya jani lililojikunja. Kutokana na hapo anatajwa kuwa ndiye aliyeleta matumizi ya kineli, kile kimrija kinachosimamisha sindano juu ya ngozi ili ugonge mara moja iingie bila kupinda. Baadaye alimtibu mtawala Tokugawa Tsunayoshi na akafundisha vipofu wengine kazi hiyo. Kisa cha msonobari kinaweza kuwa kimetiwa nakshi. Kineli ni cha kweli, ninacho mezani, na bila hicho nisingepata sindano tatu za kwanza.

Nilichoma ST36 yangu mwenyewe. Ngozi haikuuma zaidi ya kuumwa na chungu. Nilipoishusha kama sentimita mbili na kuizungusha kidogo, kikaja kitu nisichokitegemea: uzito, kama mtu ameweka kidole kizito ndani ya msuli, ukishuka taratibu kuelekea kifundo cha mguu. Wenyewe wanaita deqi, kuwasili kwa qi, ile nguvu ya uhai inayosemwa kupita kwenye mikondo. Wengine huhisi ganzi, wengine kujaa, wengine kuchoka kwa msuli kama baada ya kupanda ngazi. Kisichotakiwa ni mshtuko mkali kama wa umeme. Huo ni mshipa wa fahamu unakwambia umeugusa, na unarudi nyuma mara moja.

Mwezi wa 3
Saa: 312. Sindano: 41.

Mwezi wa usalama. Wenzangu wanauona unachosha. Mimi nadhani ndio uliopaswa kuwa wa kwanza.

Ya usafi ni mafupi: nawa mikono, sindano tasa ya kutumika mara moja, usiguse mwili wa sindano kwa kidole, iliyotoka inaingia kwenye kopo gumu la vyenye ncha papo hapo na wala si juu ya trei "kwa dakika moja". Homa ya ini aina ya B imewahi kusambazwa na sindano zilizorudiwa. Hakuna mjadala hapo.

Yaliyonikaa ni ya mapafu. Mwalimu alimwomba mwenzetu mmoja mwembamba avue shati, akachukua kalamu, akachora mpaka wa pafu mgongoni, begani na kifuani. Lile pafu lilikuwa kubwa kuliko sote tulivyofikiri, limepanda hadi juu ya mtulinga. Kisha akatuambia tuweke vidole kwenye GB21, pointi inayopendwa na kila mwenye shingo iliyokaza, katikati ya shingo na ncha ya bega. Chini ya kidole changu kulikuwa na msuli, na chini ya msuli huo, ndani ya ule mchoro, pafu. Kwenye mstari wa ukingo wa ndani wa kombe la bega, uso wa pafu unaweza kuwa milimita 10 hadi 20 tu kutoka kwenye ngozi. Sindano yangu ina milimita 40.

Ndiyo maana pale hatuchomi wima kwenda chini. Unabana msuli kwa mkono wa kushoto, unauinua kutoka kifuani, unachoma kwa mlazo ndani ya kile ulichokishika. Mkono wa kushoto tena. Pafu likitobolewa hewa huingia kwenye uwazi wa kifua na pafu linasinyaa. Dalili zinaweza kuchelewa saa kadhaa, mgonjwa akawa ameshafika nyumbani. Tumeambiwa swali la kumwachia kila tuliyemchoma kifuani au mgongoni juu: ukikosa pumzi au ukachomwa kifuani unapovuta hewa, usinisubiri mimi, nenda hospitali na uwaambie umechomwa akupancha wapi.

Nimenunua kalamu ya kuchorea ngozi. Sitachoma begani bila kuchora, hata wakinicheka.

Mwezi wa 4
Saa: 415. Sindano: 126.

Kosa la kwanza la kuandikwa kwa wino mwekundu.

Tulikuwa wawili wawili. Mwenzangu alikuwa ameketi kwenye kiti, nami nikamchoma Hegu mkono wa kulia. Nilifurahia jinsi sindano ilivyoingia, nikawa natazama sindano. Sikumtazama yeye. Aliponiambia "nasikia joto" nikamjibu "vizuri." Nikaona paji la uso linang'aa jasho, midomo imepauka, akaanza kuinama kama anatafuta kitu sakafuni.

Mwalimu alifika kabla sijafikiri. Sindano nje, mtu chini chali, miguu juu ya kiti, dirisha wazi. Dakika tano akawa anatania. Kuzimia kwa sindano ni jambo linalojulikana: mapigo na shinikizo la damu vinashuka ghafla, hasa kwa anayechomwa mara ya kwanza, mwenye njaa, mwenye woga au aliyechoka. Mimi sikuuliza hata moja kati ya hayo manne. Na nilimkalisha, wakati anayechomwa mara ya kwanza hulazwa.

Mwenzangu amenisamehe. Mwalimu ameniandikia kwenye kadi ya tathmini: "Mkono mzuri, macho hayapo."

Mwezi wa 6
Saa: 618. Sindano: 340.

Mapigo ya mshipa. Kila kifundo cha mkono kina sehemu tatu za kuweka vidole, na kila sehemu inasomwa juujuu na kwa kina. Tunafundishwa aina 28: yanayoelea, yaliyozama, yanayoteleza, yaliyokaza kama uzi wa kinanda, na kuendelea. Ni lugha nzuri. Ulimi nao una yake: rangi, utando, nyufa, alama za meno pembeni.

Nilipendekeza jaribio na mwalimu akakubali kwa tabasamu nisilolielewa. Watu wanne tumpime mtu mmoja, tuandike bila kuonana. Tulipofunua karatasi, wawili waliandika "yanayoteleza", mmoja "dhaifu", mimi "yaliyokaza". Haraka yake tuliafikiana wote, mapigo 72 kwa dakika, kwa sababu hiyo ilihesabiwa kwa saa. Mwalimu alisema ni suala la miaka. Labda. Lakini nami nimeandika kwenye lile daftari la pili kwamba kwa sasa vidole vyangu haviwezi kuapa mahakamani, na hadi vitakapoweza sitamwambia mtu "figo yako ina upungufu" akaenda nyumbani akifikiri ana ugonjwa wa figo.

Jambo hilo lilinifungulia mlango wa tafiti, ambao nilikuwa nauzunguka. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti mkubwa wa Ujerumani juu ya maumivu sugu ya kiuno, wagonjwa 1,162. Kundi moja lilipata akupancha ya kawaida, la pili likachomwa kijuujuu mahali pasipo pointi, la tatu likapata matibabu ya kawaida ya dawa na mazoezi. Baada ya miezi sita waliopata nafuu walikuwa asilimia 47.6, 44.2 na 27.4. Soma namba hizo taratibu. Sindano zilishinda dawa na mazoezi kwa mbali, halafu sindano za mahali penyewe zikashindwa kuziacha sindano za popote.

Nilikaa na karatasi hiyo jioni nzima. Nimeshakariri pointi 361, nimebishana na milimita, na utafiti unaniambia mahali huenda si kila kitu. Darasani wengine walisema utafiti ule ni mbaya. Sioni ubaya wake. Mmoja alisema basi tufunge vitabu. Sikukubali naye pia: kuchoma ngozi, hata kijuujuu, si sawa na kutofanya kitu, na mtu aliyelala nusu saa huku akishughulikiwa na mtu makini amepata tiba ya namna fulani hata kabla ya sindano. Mwaka 1977 Mayer na wenzake walionesha kuwa naloxone, dawa inayozuia kazi ya afyuni, ilipunguza nafuu ya maumivu ya jino iliyoletwa na akupancha, yaani mwili ulikuwa umetoa dawa yake wenyewe ya maumivu. Kitu kinatendeka. Ninachokipoteza ni haki ya kudai najua chote.

Kwa mgonjwa nitabaki na kauli ndogo. Jopo la Taasisi za Taifa za Afya za Marekani mwaka 1997 liliona ushahidi mzuri kwa kichefuchefu cha baada ya upasuaji na cha dawa za saratani, na kwa maumivu ya meno baada ya kung'olewa. Uingereza, mwongozo wa taifa wa 2016 uliiondoa akupancha kwenye maumivu ya kiuno, na ule wa 2021 ukairuhusu kwa maumivu sugu yasiyo na chanzo kingine. Hivyo ndivyo mambo yalivyo, yanapanda na kushuka.

Mwezi wa 7
Saa: 715. Sindano: 452.

Wiki ya kuumika. Vikombe vya kioo, mwali wa moto unaozungushwa ndani mara moja kisha kikombe kinabandikwa. Mkono wangu mzito kwa mara ya kwanza umekuwa faida, kikombe hakitetemeki.

Mwenzangu mmoja alimwambia mgonjwa wa mazoezi kuwa zile duara nyekundu ni sumu inayotoka. Si sumu, ni vimishipa vidogo vya damu vilivyopasuka chini ya ngozi kwa mvuto. Kiswahili kilishaliona jambo hili kabla yetu: anayeumika anapiga chuku, na anayetia chumvi kwenye maneno naye anapiga chuku. Jamaa alizipiga zote mbili kwa wakati mmoja.

Nimeanza kuorodhesha chuku za fani yetu. Ya juu kabisa ni ile ya mwandishi wa habari James Reston. Utasikia kwamba mwaka 1971 alipasuliwa kidole tumbo mjini Beijing kwa ganzi ya sindano za akupancha. Hapana. Alipasuliwa kwa ganzi ya kawaida ya kudungwa. Akupancha alipewa baadaye kwa ajili ya tumbo lililojaa na kumuuma, na mwenyewe akaandika hivyo gazetini. Kisa cha kweli kinatosha kabisa, sijui kwa nini watu hawakiachi.

Mwezi wa 9
Saa: 934. Sindano: 810.

Niliacha sindano mwilini mwa mtu.

Kliniki ya wanafunzi, mama mmoja mwenye maumivu ya kichwa. Sindano 11. Muda ulipokwisha nikatoa za mikono, za miguu, za shingoni, nikamshukuru, akavaa, akaondoka. Alirudi kutoka mlangoni akiwa ameweka mkono nyuma ya kichwa. "Mwanangu, hiki ni chako?" Ilikuwa ndani ya nywele, GB20, chini ya fuvu. Aliitoa bila makuu, kama kibanio kilichosahauliwa. Mimi nilitaka ardhi ipasuke.

Tuliandika taarifa ya tukio, msimamizi akamkagua kichwa kizima, akamwomba radhi mbele yangu, nami nikamwomba radhi pia. Chanzo hakikuwa kigumu kukipata: sikuhesabu. Vifuko vya sindano nilikuwa nimeshavitupa, kwa hiyo hata baadaye nisingeweza kujua zilikuwa ngapi. Kuanzia siku ile vifuko vitupu vinabaki kwenye trei hadi mgonjwa anapoinuka, na kwenye fomu naandika mistari miwili: zilizoingia, zilizotoka. Zisipolingana hatoki mtu.

Mama alirudi wiki iliyofuata. Alipolala aliniambia nihesabu kwa sauti, na tulihesabu pamoja.

Mwezi wa 11
Saa: 1,140. Sindano: 1,265.

Karatasi tano juu ya nywele. Basi.

Mwezi wa 14
Saa: 1,452. Sindano: 1,990.

Mzee mmoja alikuja na maumivu ya kiuno yaliyoshuka miguuni. Alikuwa mgonjwa wa aina tunayoipenda: anajua akupancha, ameshatibiwa kwingine, amekuja ameshapanga atalala kitanda gani. Mimi nilikuwa nimeshachagua pointi kichwani kabla hajaketi: BL23 kiunoni, BL40 nyuma ya goti, BL60 kwenye kifundo cha mguu.

Maswali tunayapitia yote hata kama yanaonekana ya bure. Nikamuuliza kama mkojo unatoka kawaida. Akanyamaza, akatazama mlango. "Tangu juzi unasita," akasema. Nikamuuliza kama anapojifuta chooni anahisi. Akasema sasa kwa kuwa nimeuliza, hapana, pamekuwa kama pana ganzi, na paja kwa ndani pia.

Maumivu ya kiuno, miguu yote miwili, ganzi ya sehemu inayokalia tandiko, mkojo unaosita. Hiyo ni mishipa ya fahamu ya mwisho wa uti wa mgongo inabanwa, na hiyo ni dharura ya upasuaji inayohesabiwa kwa saa. Nilimwita msimamizi. Tuliandika barua ya kumpeleka hospitali, kurasa moja na nusu, kwa dakika nne.

Mzee hakufurahi. "Nimekuja kuchomwa sindano, mwanangu, sikuja kuandikiwa barua." Nilimwambia sindano zipo na hazitaondoka, lakini leo nikimchoma nitakuwa nimemchelewesha. Hakuna nilichotia chumvi, wala sikuhitaji. Msimamizi alitafuta gari. Mzee alipanda akiwa bado anaguna.

Sindano siku hiyo: 0. Nimeziandika.

Mwezi wa 15
Saa: 1,561. Za kliniki: 540. Sindano: 2,178.

Habari za mzee zimefika kupitia binti yake: alipasuliwa usiku uleule, anatembea, anauliza lini anaweza kuja kuchomwa. Msimamizi amejibu kwamba daktari wake ndiye atakayesema.

Vipimo vya katikati ya mafunzo vimetoka. Pointi: 38 kati ya 40, na iliyonikwamisha bado ni ya mgongoni, pingili nilizihesabu kuanzia ncha ya kombe la bega kwa mtu ambaye kombe lake limekaa juu kuliko kawaida. Ilibidi nihesabu kutoka shingoni. Usalama: zote. Mapigo ya mshipa: nimepita kwa alama ambayo sijui niliipataje. Mkono wa kushoto: mwalimu hakuandika chochote, aliuweka mkono wake juu ya wangu wakati natafuta GB21 ya mwenzangu, akakaa hivyo kidogo, akaenda kwa mwingine.

Zimebaki saa 939, nyingi zikiwa za kliniki. Kuanzia wiki ijayo nitapokea wagonjwa mwenyewe chumbani, msimamizi akiwa chumba cha pili. Kalamu ya kuchorea ngozi imeisha wino, ninunue nyingine.

Mgonjwa wa mwisho leo: shingo iliyokaza, amelala kifudifudi, mara yake ya kwanza, amekula, hana woga. Bega limechorwa. Zilizoingia 9. Zilizotoka 9.